Uwanja wa Ndege Si Zawadi ya Mtawala

Tangu Nakuru itunukiwe hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, kumezuka dai linalorudiwa karibu katika kila mkutano wa hadhara: kwamba jiji lisilo na uwanja wa ndege wa maana si jiji. Viongozi wa awamu zaidi ya moja wamesimama mbele ya umma wakaahidi kuupanua uwanja mdogo wa Lanet. Twaambiwa kwamba ndege kubwa zitatua, na kwamba siku moja maua ya Naivasha na watalii wa Ziwa Nakuru watapita hapa kwenda na kutoka ng'ambo bila kuigusa Nairobi. Umma hupiga makofi. Sisi hatuna ugomvi na makofi hayo. Ugomvi wetu ni na yale yasiyosemwa baada ya makofi kunyamaza: fedha zatoka wapi, ni nani atakayezilipa, na ni hesabu gani iliyopigwa kabla ya ahadi kutolewa.

Na ieleweke tangu mwanzo kwamba hatupingi maendeleo ya Nakuru. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti hii, na 570,674 katika mji wenyewe. Mkaaji wa Njoro, Molo au Bahati anayetaka kupanda ndege ya kwenda ng'ambo hana budi kusafiri kwa barabara zaidi ya kilomita 160 hadi Nairobi, kisha auvuke mji ule wenye msongamano hadi Embakasi. Dai la kurahisishiwa safari ni dai la haki. Lakini haki ya kudai haimwondolei mtu wajibu wa kuhesabu. Katika sura ya 14 ya Injili ya Luka, Bwana wetu anasimulia habari za mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye yampasa kuketi kwanza na kupima gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza na watu wakamcheka. Tofauti ni kwamba mjenzi wa mfano ule alikuwa akitumia mali yake mwenyewe. Wajenzi wetu hutumia mali ya umma, na kicheko hutuangukia sisi.

Bonde la Ufa lina somo lake katika jambo hili, na wasomaji wetu wenye umri watalikumbuka. Katikati ya miaka ya 1990, nchi ilipokuwa ikikazwa koo na wafadhili, hospitali zikikosa dawa na walimu wakidai mishahara, serikali ya Rais Moi iliamua kujenga uwanja wa ndege wa kimataifa mjini Eldoret. Gharama yake ilitajwa kuwa karibu dola milioni 49 za Marekani. Wapinzani na wafadhili waliukosoa wakisema kwamba hakukuwa na hoja ya kiuchumi iliyouhalalisha. Hawakusikizwa. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1997, ukiwa na njia ya kurukia yenye urefu wa kilomita tatu na nusu.

Tusiwe wadhalimu kwa Eldoret. Mgala muue na haki umpe. Uwanja ule haukuwa bure kabisa: ndege za mizigo zimekuwa zikitua humo zikileta bidhaa za wafanyabiashara kutoka Ghuba na Asia, na leo abiria husafiri kutoka humo hadi Nairobi kila siku. Hata hivyo, zaidi ya robo karne imepita, na ile mistari ya ndege za abiria za kimataifa iliyoashiriwa na jina lake haikutokea. Kisumu nao, uliopanuliwa na kupata jengo jipya la abiria mwaka 2011, kwa sehemu kubwa bado wategemea safari za humu nchini. Neno "kimataifa" huandikwa langoni kwa rangi. Ndege za kimataifa haziji kwa rangi.

Basi huja kwa nini? Hapa ndipo wanasiasa wanaponyamaza, nasi yafaa tulieleze jambo hili kwa utaratibu.

Kwanza, ndege ya nchi moja haitui katika nchi nyingine kwa hiari yake. Tangu Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kila dola ina mamlaka juu ya anga yake, na safari za kawaida za abiria hufuata makubaliano kati ya serikali na serikali: ni mashirika gani yatakayosafiri, mara ngapi kwa juma, na hadi mji upi. Wenye hoteli wa Mombasa, mji wenye bandari, fuo na uwanja wa kimataifa wa miaka mingi, wamelalamika mara kwa mara kwamba mashirika ya kigeni hayapewi ruhusa ya kutosha kutua kwao, kwa sababu serikali yataka kulilinda shirika la taifa na kitovu chake cha Nairobi. Ikiwa Mombasa bado yabisha hodi, Nakuru yatarajia kufunguliwa mlango upi?

Pili, shirika la ndege huenda palipo na abiria wa kujaza viti kwenda na kurudi, mwaka mzima. Hata Nairobi yenyewe ilipata safari ya moja kwa moja hadi New York tarehe 28 Oktoba 2018 tu, baada ya miaka ya maandalizi, na baada ya wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani kuridhika mwaka 2017 na usimamizi wa usalama wa anga nchini mwetu.

Tatu, kuna maumbile. Nakuru iko juu ya bahari kwa mita 1,800 na zaidi. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi. Ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili ipae, au ipunguze mzigo na mafuta. Ndege iliyopunguza mafuta haifiki Ulaya, na iliyopunguza mzigo haileti faida. Jambo hili halizuii uwanja kujengwa, bali laongeza gharama, na gharama hiyo haitajwi jukwaani.

Na maua? Naivasha ni sehemu ya kaunti yetu, na maua yake ni hoja inayotolewa kila mara. Lakini mashamba ya Naivasha yako karibu kilomita 90 kutoka Nairobi na karibu kilomita 70 kutoka Nakuru. Tofauti ni ndogo. Kinachompeleka mkulima Nairobi si umbali. Ni vyumba vya baridi, wakaguzi wa mimea, maofisa wa forodha, na ndege nyingi zinazoondoka kila usiku. Inasemwa kwa miaka mingi kwamba hata ndege za mizigo zishushazo bidhaa Eldoret hulazimika kwenda Nairobi kutafuta cha kubeba. Njia ya kurukia bila mambo hayo ni lami tu.

Tukija katika swala la fedha, yaliyotokea mwaka 2024 yatosha kutufungua macho. Mwezi Julai mwaka ule wananchi waligundua, kupitia nyaraka zilizofichuliwa mtandaoni na raia mwenzao, kwamba kampuni ya Adani ya India ilikuwa imetoa pendekezo la kuukarabati uwanja wa Jomo Kenyatta kwa dola bilioni 1.85 na kuuendesha kwa miaka 30. Tarehe 9 Septemba Mahakama Kuu ilisimamisha mpango huo, kufuatia kesi ya Chama cha Mawakili wa Kenya na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, lile shirika la kiraia. Siku mbili baadaye wafanyakazi wa uwanja waligoma. Tarehe 21 Novemba Rais Ruto alitangaza Bungeni kwamba mpango umefutwa, siku moja baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumshtaki mkuu wa kampuni hiyo kwa mambo yasiyohusu Kenya, mashtaka ambayo kampuni iliyakanusha.

Twauliza: je, kama nyaraka zile zisingefichuliwa, na kama Marekani isingeshtaki, tungekuwa wapi? Uwanja mkuu wa taifa ungekwisha kukabidhiwa kwa mkataba ambao mlipa kodi hakupata kuusoma. Wala hilo halikuwa la kwanza. Reli mpya iliyojengwa kwa mikopo ya China ilifika Naivasha mwaka 2019 ikakomea hapo, na mikataba yake ilikuwa siri hata Mahakama Kuu ya Mombasa ilipoamuru mwaka 2022 kwamba itolewe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa turudi Lanet. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka usafiri wa anga mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo kiongozi wa kaunti anayeahidi uwanja wa kimataifa aahidi kitu kilicho katika mfuko wa mwingine, na hana idhini ya kuzitoa fedha za zahanati na maji ya Nakuru kuziba pengo. Kifungu cha 201 chataka uwazi na ushirikishwaji wa wananchi katika mambo ya fedha za umma, na chataka mzigo wa mikopo ugawanywe kwa haki kati ya kizazi hiki na kijacho. Kifungu cha 35 chaiamuru serikali itangaze habari muhimu zinazoligusa taifa. Kifungu cha 40 chasema anayetwaliwa ardhi kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki, kamili na bila kukawia.

Hilo la ardhi halina mzaha katika eneo hili. Watu wa Molo, Njoro na Nakuru mjini wanajua maana ya kuondolewa nyumbani. Waliondolewa mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa 2008. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeliongoza Jimbo Katoliki la Nakuru tangu 1971 hadi 1996, alisimama na waliofukuzwa wakati wengi walipoona heri kunyamaza. Kanisa lina deni la kuuendeleza ushuhuda ule. Jamaa yeyote atakayehamishwa ili njia ya ndege irefushwe, awe na hati au awe ameishi pale kwa miaka bila hati, aandikwe jina, apimiwe, alipwe, kabla ya tingatinga kufika.

Kuna na viumbe wasiopiga kura. Ziwa Nakuru na Ziwa Elementaita ni sehemu ya maziwa yaliyoorodheshwa mwaka 2011 kuwa urithi wa dunia. Mwari, wale ndege wakubwa wenye mfuko mdomoni, huzaliana Elementaita na kwenda kuvua samaki Ziwa Nakuru, wakirudi na chakula cha makinda. Mwari mmoja akiingia katika injini aweza kuiangusha ndege. Ni wajibu wa kisheria kufanya tathmini ya athari kwa mazingira, na tathmini hiyo isomwe na umma, isifungiwe kabatini.

Tutaambiwa kwamba twawanyima watu wetu heshima. Kwamba Eldoret ulipewa, Kisumu ukapewa, kwa nini Nakuru isipewe? Hoja hii ina nguvu, kwa kuwa dhuluma katika ugavi wa rasilimali ni ya kweli. Lakini chunguzeni neno lenyewe: "kupewa". Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Katika siku za chama kimoja tulifunzwa kwamba barabara, shule na hospitali hutoka mkononi mwa mtawala, na kwamba eneo likimshangilia litakumbukwa. Tulipigania vyama vingi ili fikira hiyo ife. Uwanja wa Lanet, ukijengwa, utajengwa kwa kodi ya mwuza mboga wa soko la Wakulima na ya mwalimu wa Subukia, ambao huenda wasipande ndege maishani. Anayelipa hapewi. Anayelipa huonyeshwa hesabu.

Kwa hiyo twadai mambo manne, kabla ya jiwe lolote la msingi kuzinduliwa. Itangazwe fedha ni za bajeti, za mkopo au za mwekezaji, na masharti yake yote. Uchapishwe utafiti wa abiria na mizigo, ukilinganisha uwanja wa kimataifa na uwanja wa kadiri wa safari za humu nchini, ambao huenda ndio utufaao zaidi kwa sasa. Ulinganishwe pia na barabara ya Rironi hadi Mau Summit, ambayo upanuzi wake ulizinduliwa mwaka 2025 kwa mpango wa watumiaji kutozwa ada. Tusije tukalipia njia mbili kwa safari moja. Na iwekwe wazi orodha ya ardhi na ya watu watakaoguswa.

Ndugu msomaji, mambo haya hayahitaji mawe wala moshi. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yamruhusu raia yeyote kuandika barua na kudai nyaraka, na ofisi ya umma yalazimika kujibu. Kikundi cha haki na amani katika parokia chaweza kuiandika barua hiyo Jumapili hii baada ya ibada. Mkutano wa kupokea maoni ukiitishwa, tusiwaachie wapiga makofi viti vya mbele. Twende na maswali yaliyoandikwa, na tudai majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Wakikataa, Kifungu cha 22 na cha 258 vimetufungulia mlango wa mahakama, nasi mawakili tulio katika harakati hizi tuko tayari kuingia nanyi.

Hesabu ikifunguliwa na ikathibitika kwamba uwanja utaifaa Nakuru, tutakuwa wa kwanza kuutetea, na tutautetea kwa sauti kubwa kuliko walioahidi. Hesabu isipofunguliwa, basi tusipige makofi.