Namba ya Malipo na Namba ya Kero: Barua ya Wazi kwa Baraza la Madiwani la Manispaa ya Mtwara-Mikindani

Kaya ya kawaida katika kata ya Likombe hulipa Serikali kupitia milango mingi. Kodi ya jengo hukatwa na mita ya umeme. Ada ya taka hudaiwa mlangoni. Ankara ya maji hutoka MTUWASA. Mwenye genge hutozwa ushuru, mwenye duka hukata leseni na kulipa ushuru wa huduma, na mwenye kiwanja kilichopimwa hudaiwa kodi ya pango la ardhi. Juu ya hayo ipo michango ya mtaa: ulinzi shirikishi, madawati ya shule, pesa kidogo ya mhuri wa barua ya utambulisho. Barua hii inahusu malipo hayo pamoja na kero za mtaani, kwa kuwa wakazi huvitaja vyote kwa pumzi moja. Mtu akiulizwa maoni yake kuhusu ada ya taka, jibu la kwanza huwa juu ya taka zenyewe.

Katika pwani hii kodi ya nyumba ina umri mkubwa kuliko Manispaa. Wajerumani walijenga boma la Mikindani mwaka 1895, na mwaka 1898 wakaanzisha kodi ya kibanda katika koloni lao lote. Waingereza wakaiendeleza. Baada ya Uhuru kodi ya kichwa ilifutwa, ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo, hadi Serikali ilipoifuta mwaka 2003 pamoja na msururu wa ushuru mdogo mdogo uliokuja kuitwa kodi za kero. Jina hilo lilikuwa ungamo la aina yake: Serikali ilikubali kwamba tozo yenyewe inaweza kuwa kero, sawa na moshi au kelele. Wakazi hawajalisahau, na hadi leo tozo isiyoonyesha ilikokwenda huwekwa katika fungu hilo.

Kodi ya majengo ndiyo inayogusa wengi zaidi, hata wasio na jengo. Msingi wake ni sheria ya mwaka 1983. Mwaka 2016 kazi ya kuikusanya ilikabidhiwa TRA, na Agosti 2021 makato yakahamia kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 kiwango kikapanda hadi 1,500. Mpangaji wa chumba kimoja anaponunua umeme wa shilingi 5,000 mwanzoni mwa mwezi, simu yake hupokea ujumbe wenye tokeni ya tarakimu 20, idadi ya uniti, makato ya VAT, REA na EWURA, na mstari wa kodi ya jengo. Kwa mteja mdogo anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya VAT na makato hayo mengine, mstari huo mmoja umeondoka na uniti kumi na mbili na ushee. Katika chumba chenye taa mbili, feni na simu ya kuchaji, huo ni umeme wa zaidi ya wiki moja. Kisheria deni ni la mwenye nyumba. Mpangaji anaweza kumdai, lakini mwenye nyumba huenda yuko Masasi au Dar es Salaam, na mpangaji anayefuatilia 1,500 yake kila mwezi anajua kwamba kodi ya chumba nayo inaweza kupanda. Wengi hunyamaza.

Wapo pia waliosamehewa na sheria: wazee wa miaka 60 na kuendelea na watu wenye ulemavu wasio na kipato, kwa nyumba moja wanayoishi. Mita haijui umri. Msamaha huombwa, na hadi uombwe mita huendelea kukata. Bibi asiyejua kusoma ujumbe wa LUKU, ambaye vocha hununuliwa na mjukuu, hawezi kuomba asichojua kuwa anacho. Makato haya hayakupangwa na Baraza la Madiwani, ila watendaji wa mitaa wanaowajua wazee hao kwa majina wako chini yake. Kuandika orodha ya wanaostahili, mtaa kwa mtaa, ni kazi ya wiki chache na haihitaji kubadili sheria yoyote.

Ada ya taka ina hadithi nyingine. Halmashauri za miji zilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa mpango wa madaraka mikoani. Miji ikakosa mwenyewe. Taka zikalundikana, barabara zikachakaa, kipindupindu kikaingia, na mwaka 1978 Serikali ikazirudisha halmashauri za miji, miaka kadhaa kabla ya zile za wilaya. Uzoaji wa taka, kwa maneno mengine, ni miongoni mwa sababu za chombo hiki kuwapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekaza fundo hilo: taka ngumu ni jukumu la serikali za mitaa, nazo zinaweza kuweka wakala au kikundi cha kufanya kazi hiyo na kutoza ada kwa sheria ndogo.

Hoja ya wakazi kuhusu ada hii ni nyepesi kueleweka. Ada hulipwa kwa mwezi, lakini taka hujaa kwa siku. Kiroba cha salfeti kilichotumika kubebea mkaa huwekwa nyuma ya choo, kikipokea maganda ya mihogo, majani ya migomba, vichwa vya dagaa na mifuko laini. Siku ya tatu kinaanza kutoa maji. Siku ya tano mbwa wamekichana. Mitaa ya ndani ina mchanga mwingi na vichochoro ambavyo gari kubwa haliingii, kwa hiyo mzigo hufika kwenye kizimba kwa guta, kwa toroli au kichwani mwa mtoto. Mtoto akikuta kizimba kimefurika humwaga pembeni, na pembeni ndiko jalala jipya linakozaliwa. Mwenye nyumba iliyo jirani na kizimba hulipa ada ileile anayolipa aliye mbali nacho, na juu yake huvuta harufu ya wote. Wengine huchimba shimo uani na kuchoma. Moshi huo humfikia aliyelipa na asiyelipa.

Kutokana na hali hiyo, pendekezo linalostahili kupimwa ni kuifunga ada na ratiba. Siku ya gari au guta iandikwe kwenye risiti yenyewe. Gari lisipofika mara mbili mfululizo, ada ya mwezi huo isidaiwe kwa mtaa husika. Wakala mwenye mkataba atalalamika, na ana haki ya kusikilizwa, kwa sababu mafuta ni ghali na kaya nyingi hazilipi. Hata hivyo ratiba iliyoandikwa humsaidia yeye pia: mkazi anayeona siku yake imeheshimiwa hakosi hoja tu ya kukwepa, anakosa na aibu ya kulipa mbele ya jirani asiyelipa.

Kwa wafanyabiashara wadogo, suala lao ni kumbukumbu. Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, kwa ahadi kwamba mwenye kitambulisho hatasumbuliwa kwa tozo nyingine. Muuza samaki au mama lishe aliyekilipia alikitundika shingoni. Tangu hapo utaratibu umebadilika zaidi ya mara moja, na kila badiliko limewafikia wahusika kwa njia ya mgambo kuliko kwa njia ya tangazo. Mashine za POS zimesaidia sana, hilo halina ubishi: risiti inachapwa papo hapo, na namba ya malipo inamwezesha mtu kulipa kwa simu bila kumpa mtu pesa mkononi. Malipo yasiyopita huko, ikiwa ni pamoja na ile pesa ya mhuri, hayana pa kuonekana katika hesabu, na mtozaji wake hawezi kudai kwamba ametoza kwa niaba ya Manispaa.

Viwango vyenyewe huwekwa na sheria ndogo. Sheria inataka nia ya kuzitunga itangazwe, wananchi wapewe nafasi ya kutoa pingamizi, Waziri aridhie, kisha zichapishwe katika Gazeti la Serikali. Karatasi moja kwenye ubao wa makao makuu huenda ikatosha mbele ya mwanasheria. Kwa mama anayekaanga mihogo jioni Likombe haitoshi. Jedwali la ada zote zinazomhusu mkazi lingeenea kwenye ubao wa bati wa mita moja na nusu, nje ya ofisi ya kila mtaa, kwa rangi ya mafuta isiyofutika kwa mvua.

Mkanganyiko mkubwa zaidi uko kwenye kero zenyewe. Kijiji, kwa mujibu wa sheria, ni chombo chenye hadhi yake: kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Mtaa hauna hadhi hiyo. Una mwenyekiti aliyechaguliwa, una kamati, una mtendaji aliyeajiriwa, lakini fedha na mamlaka viko Manispaa. Kata iliyo pembezoni mwa mji, yenye mashamba ya mikorosho yanayogeuka viwanja mwaka hadi mwaka, inapata majukumu ya mjini bila mkoba wa kijijini. Mwenyekiti wa mtaa hupelekewa kila kitu na hana cha kutolea jibu.

Tena jibu lenyewe limegawanywa. Barabara za mitaa, tangu Julai 2017, ziko kwa TARURA, na barabara kuu ziko kwa TANROADS. Bomba lililopasuka ni la MTUWASA, nguzo iliyoinama ni ya TANESCO, kelele zina NEMC, na mbuzi wa jirani ni wa sheria ndogo za Manispaa. Mvua za Desemba hadi Aprili zikichimba korongo katikati ya njia na kufunua bomba, kero moja inakuwa na ofisi mbili, na kila moja inaweza kusema kweli kabisa kwamba nyingine ianze. Mkazi aliyetembea kati ya ofisi hizo kwa nauli ya bajaji amelipa tozo ambayo haiko katika jedwali lolote.

Malori nayo yameongeza uzito. Mtwara ni bandari iliyojengwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga wa Waingereza, ikafunguliwa mwaka 1954, na kwa miaka mingi ilikuwa na shughuli kidogo nje ya msimu wa korosho. Kuanzia mwaka 2022 makaa ya mawe kutoka mkoa wa Ruvuma yamepita hapa kwa wingi kwenda nje. Ni neema ya ajira, hakuna anayeikana. Vumbi jeusi na foleni ya malori kwenye barabara za kuingia mjini ni upande wake wa pili, na hesabu ya mapato ya bandari haina mstari wa wanaolifagia vumbi hilo.

Kelele zinahitaji uangalifu wa namna yake. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo zinawapa wakazi wa kusini mwa Tanzania haki ileile waliyo nayo wa Dar es Salaam. Lakini ngoma za jando na unyago, ambazo familia hujiandaa nazo mwaka mzima na ambazo jirani anayelalamika leo atazihitaji kesho kwa mwanawe, haziwezi kuwekwa mizani moja na spika ya baa inayolia kila usiku hadi saa nane. Ngoma ina kibali, ina siku, ina mwenyewe anayejulikana. Baa ina leseni inayohuishwa, na hapo ndipo Manispaa ina mpini mkononi: malalamiko yaliyoandikwa yasomwe kabla ya leseni kuhuishwa.

Mbuzi wanaozurura hawahitaji maelezo marefu. Sheria ndogo zipo, faini zipo, na mchicha unaliwa. Kinachokosekana ni zizi la kuwashikilia karibu na kata, maana mgambo hawezi kumswaga mbuzi kilomita kadhaa.

Mji wenyewe unapanuka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 108,299 katika Manispaa, na ile ya mwaka 2022 ikaonyesha wanakaribia laki moja na nusu. Daftari la karatasi mezani kwa mtendaji haliwezi kubeba malalamiko ya mji wa ukubwa huo. Kwa upande wa mapato jambo hili limekwisha kutatuliwa: kila deni lina namba ya malipo, na deni haliwezi kupotea kwa sababu afisa amehamishwa. Kero nazo zinaweza kupewa namba. Mkazi aifikishe kwa mtendaji, mtendaji aiandike, namba itumwe kwa simu, ofisi inayohusika itajwe kwa jina, na kama kero ni ya TARURA au MTUWASA basi Manispaa ndiyo iifuatilie huko kwa niaba yake. Fedha za kuanzia hazihitaji kuwa nyingi. Halmashauri zinatakiwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo kutenga fungu kwa kazi maalumu si jambo geni.

Daftari la kwanza linaweza kufunguliwa Likombe kwa kero moja tu, ya vizimba vya taka, kwa muda wa miezi mitatu. Liwe na safu nne: namba, tarehe ya kupokelewa, ofisi iliyopewa, tarehe ya kumalizwa. Lisomwe kwenye kikao cha robo mwaka cha Baraza, safu ya nne ikiwa na mapengo yake kama yalivyo, kabla ya kuamua kama mabomba, mashimo na spika navyo viingizwe.