Majina Yetu Si Mtaji wa Chama

Ndugu wananchi wa Kitale na Bungoma, yafaa tuulize hadharani: ni nani aliyetoa ruhusa majina yetu yachuuzwe? Mwezi wa Juni 2021, Msajili wa Vyama vya Siasa alipowawezesha Wakenya kuangalia kupitia eCitizen kama wamesajiliwa katika chama chochote, watu wengi waligundua kwamba wao ni wanachama wa vyama ambavyo hawakupata hata kuvisikia, sembuse kujiunga navyo. Kamishna wa Data, Bi. Immaculate Kassait, alipokea malalamiko zaidi ya 200. Waliolalamika ni wachache tu. Wasiojua kwamba wanaweza kulalamika ni umma mzima.

Kwa watu wa sehemu zetu jambo hili si dogo. Marehemu Masinde Muliro, mzaliwa wa upande wa Kimilili aliyekuwa na shamba lake Trans Nzoia, alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD mwaka 1991. Desemba mwaka huo kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kisheria tangu 1982, kilifutwa. Muliro alifariki Agosti 1992, kabla ya kuuona uchaguzi wa vyama vingi aliousumbukia. Wazee wetu wanakumbuka enzi ambapo vijana wa chama walisimama masokoni na katika vituo vya mabasi wakidai kadi. Wakati ule raia alilazimishwa kununua kadi. Sasa anaandikiwa uanachama akiwa amelala. Njia ni mbili, dhuluma ni moja: raia amepokonywa uchaguzi wake.

Twauliza, majina hayo hutoka wapi? Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inakitaka chama kinachotafuta usajili kamili kiwe na wanachama wasiopungua 1,000, walio wapigakura, katika kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47. Hivyo chama huhitaji angalau watu 24,000 kutoka kaunti 24. Nia ya sheria ni njema, kwani inazuia vyama vya kabila moja. Lakini mwanasiasa asiyetaka kupanda matatu hadi Endebess au Chwele kuwashawishi watu, huona ni rahisi kutafuta orodha iliyokwisha andikwa: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na sahihi.

Na orodha kama hizo ziko tele. Kwa miaka mingi mteja wa wakala wa pesa za simu aliandika hayo yote katika daftari lililolala wazi mezani, ambamo kila aliyekuja nyuma yake aliweza kuyasoma. Mlinzi wa langoni ana kitabu chake, na kila duka linaloendesha promosheni lina fomu zake. Mwaka 2021 wengi waliyashuku madaftari hayo, na shaka yao ilikuwa na msingi: hakuna mteja aliyewahi kuambiwa daftari likijaa hupelekwa wapi. Ujumbe wa kamari na wa mikopo tusiyoomba hupita katika mwanya huohuo. Anayeweza kuuziwa namba yako ili akutangazie mkopo, anaweza kuuziwa ili akuandikishe chamani.

Wapo watakaosema kwamba jina si siri, kwa kuwa kijiji kizima kinalijua. Ni kweli, jina si siri. Lakini ni amana. Mteja humpa wakala jina lake ili atoe pesa zake, basi. Atakayelitumia kwa jambo jingine amekula amana. Na hasara yake si ya maneno matupu. Kijana anayetafuta kazi ya ukarani wa uchaguzi hutakiwa asiwe mfuasi wa chama. Akipatikana ameandikishwa, atajitetea vipi kwa kosa asilolitenda?

Sheria tunazo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji bidhaa haki ya kupewa habari anazohitaji na ya kulipwa fidia, na kinaliagiza Bunge kutunga sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya adabu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza kutumia habari za mtu kwa biashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu naye akawa amearifiwa. Nayo si sheria ya kuchora ukutani: mwezi wa Septemba 2023 Kamishna alizitoza faini taasisi tatu, mojawapo ikiwa klabu ya Nairobi iliyotozwa shilingi 1,850,000 kwa kusambaza picha ya mteja bila ridhaa yake.

Hata hivyo, sheria hiyo ilitungwa ikiwa na kilema. Inasema faini ya Kamishna isizidi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya kampuni kwa mwaka, yaani kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa kampuni kubwa milioni 5 ni bei ya mabango machache tu. Umoja wa Ulaya ulifanya kinyume: euro milioni 20 au asilimia 4, kiasi kilicho kikubwa. Kwao mkubwa huogopa. Kwetu mkubwa hulindwa.

Kwa hivyo tunadai mambo matatu. Kwanza, Bunge libadili neno hilo moja, ili kiasi kikubwa kiwe ndicho kipimo. Pili, Msajili asimhesabu mtu yeyote kuwa mwanachama kabla mwenyewe hajathibitisha kwa simu yake. Tatu, kila mfanyabiashara anayeandika majina ya wateja aeleze sababu, na ayateketeze sababu hiyo ikiisha. Sisi tunaovitetea vyama vingi tunalazimika kuyasema haya hata dhidi ya vyama tunavyovipenda. Chama kilichojengwa kwa majina ya wizi kitatawala kwa kura za wizi.

Nawe, ndugu msomaji, angalia leo umeandikwa wapi. Ukikuta jina lako mahali usipoliweka, mwandikie Kamishna. Usiyejua kuandika, sheria inakuruhusu kulalamika kwa mdomo, naye anatakiwa kumaliza uchunguzi katika siku 90. Haki ya kuchagua chama ilipatikana kwa jasho na vifungo. Tusiiache ipotelee katika daftari la dukani.