Chachu Iliyobaki ni Akiba, Usiimwage

Msomaji mpenzi, juma hili tuketi jikoni tuzungumze juu ya kitu ambacho baadhi yetu hukimwaga kila siku bila kufikiri, nacho ni chachu inayobaki. Nimeletewa barua na mama mmoja wa Mnarani, Kilifi. Kwa kuwa swali lake si la mkate peke yake, nimeona nimjibu hapa mbele yenu nyote. Jina lake ninalihifadhi kama alivyoomba. Anaandika hivi:

"Mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Watamu. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa korona, hoteli ilifungwa. Siku ya mwisho kazini alirudi na kichupa cha chachu aliyokuwa akiokea mikate ya wageni, akanifundisha kuitunza. Mwaka uliofuata alipata kazi Doha, akaenda. Chupa ikabaki nami. Kila siku naitia unga na maji, na kila siku yanibidi nimwage kikombe kizima, la sivyo hufurika. Juzi mavyaa wangu alinikuta mtaroni nikimwaga. Hakupiga kelele. Alisema tu, 'Mwanangu anatoka jasho ugenini, nawe wamwaga unga.' Tangu siku hiyo hagusi mkate wangu. Nimefikiri niitupe chupa yote yaishe, lakini moyo wakataa. Na watoto kila Jumapili wanalilia baga kama za mjini. Nifanyeje?"

Dada yangu, pole. Tena ahsante, kwa maana wengi wana shida kama yako lakini huona haya kuisema. Jibu langu la kwanza ni fupi: usiitupe chupa. La pili ni refu kidogo, na ndani yake mna baga za watoto.

CHACHU NI KITU GANI?

Chachu ni unga na maji vilivyoachwa vikachacha. Ndani yake mna vijidudu vya namna mbili visivyoonekana kwa macho. Wa kwanza ni hamira ya asili, ambayo hutoa hewa inayoumua unga. Wa pili ni bakteria waletao ule ukali, jamaa wa wale wanaogandisha maziwa yakawa mtindi. Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyeanza kuonyesha, katika miaka ya 1850, kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai.

Lakini bibi zetu hawakumngoja Pasteur. Neno hamira limetujia kutoka Kiarabu, na jina la mahamri limetoka humo humo. Marehemu nyanya yangu, katika mtaa wa Shela, Malindi, alikuwa akibakisha kinyunya cha unga wa mahamri kila siku, akakifunikia kisahani, na usiku akakikanda pamoja na unga mpya. Hamira ya dukani kwake ilikuwa ya siku ambayo kinyunya kimeharibika. Ndugu zetu Wamijikenda wenye minazi nao walijua kuumua unga kwa tembo. Kwa hiyo usidhani kichupa chako ni kitu cha kigeni kilichotoka hotelini. Waitaliano, ambao walianza kuzoeana na Malindi tangu miaka ya 1960 walipojenga kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco huko Ngomeni, huita chachu ya namna hii hamira mama. Sisi tuliiita kinyunya. Kazi ni ile ile.

Wasomaji watakumbuka pia kwamba mwaka huo wa 2020 hamira iliadimika madukani huko Ulaya na Marekani. Watu waliofungiwa majumbani walianza kuchachisha unga na maji kwa wingi, wakawa wanaonyeshana picha za mikate yao kwenye intaneti. Nyanya yangu angelicheka.

KWA NINI INAZIDI?

Tufanye hesabu. Una gramu 50 za chachu. Unailisha gramu 50 za unga na gramu 50 za maji. Sasa una gramu 150. Ukiilisha yote tena kwa kipimo hicho, unapata gramu 450. Mara ya tatu, 1,350. Mara ya nne umeshafika zaidi ya kilo nne! Kwa joto letu la Pwani, ambako chachu huona njaa asubuhi na jioni, hizo ni siku mbili tu. Ndiyo maana huna budi kuipunguza kila unapoilisha.

Basi hapo mavyaa wako ana haki, nawe una haki. Wewe una haki kwa sababu chachu isiyopunguzwa itakumalizia unga wote wa nyumba. Yeye ana haki kwa sababu kupunguza si lazima kuwe ni kumwaga. Kikombe unachomimina mtaroni kila siku kina karibu gramu 100 za unga wa ngano. Kwa siku 20 hiyo ni paketi nzima ya kilo mbili. Mama aliyelea watoto kwa kuhesabu vibaba hawezi kuliona jambo hilo akanyamaza.

Fanya hivi. Kwanza, punguza chupa yenyewe. Huna haja ya kufuga kikombe kizima; bakisha kijiko kimoja kikubwa, ukilishe vijiko viwili vya unga na kijiko kimoja na nusu cha maji. Pili, kama una friji, iweke humo na uilishe mara moja kwa juma. Tatu, ile inayopunguzwa itie katika bakuli lake lenye kifuniko kilicholegea, uiweke kwenye friji, na kila siku uongeze juu yake mpaka kifike kikombe kimoja. Usikaze kifuniko, maana hewa ikikosa njia chupa inaweza kupasuka. Usiikalishe zaidi ya juma moja. Maji ya kijivu yakielea juu yasikutishe, yakoroge tu. Lakini ukiona ukungu, au rangi ya waridi au ya machungwa, hapo tupa yote bila huruma, na mavyaa akiuliza mwonyeshe.

Asiye na friji asikusanye. Abakishe kidogo kila mara, na kile anachopunguza akipike siku hiyo hiyo, hata kama ni chapati za maji.

MIKATE YA BAGA

Kabla ya kuanza, fahamu jambo moja ambalo huwaangusha wengi. Chachu iliyokaa bakulini siku kadhaa ina ladha nyingi lakini nguvu chache. Imekwisha kula unga wake, imechoka. Tena ukali wake ukizidi huulegeza unga, ukawa unanata na kutandaa badala ya kusimama. Kwa hiyo katika mikate hii chachu huleta utamu, na hamira kidogo ya dukani husaidia kunyanyua. Si aibu.

Badala ya maziwa na siagi tutatumia tui la nazi, na juu tutanyunyiza ufuta. Na hapo ndipo ninapotaka watoto wajue kwamba baga, ingawa jina lake linatokana na mji wa Hamburg huko Ujerumani, imevaa nguo zetu. Malindi ya karne ya 19, ilipofufuliwa katika enzi za masultani wa Unguja, ilisafirisha mtama na ufuta kwa majahazi. Na huko Unguja hadi leo kuna mkate wa ufuta, unaokandwa kwa tui na kuumuliwa. Mtoto anayelilia baga ya mjini analilia kitu ambacho nusu yake kilikuwa jikoni kwetu zamani.

Mahitaji (mikate 10):

Unga wa ngano vikombe 3 na robo (gramu 400)
Chachu iliyobaki, ikorogwe, kikombe 1 (gramu 200)
Tui zito la vuguvugu, robo tatu ya kikombe
Yai 1, na jingine la kupaka juu
Sukari vijiko vikubwa 3
Chumvi kijiko cha chai 1 na nusu
Hamira kijiko cha chai 1
Mafuta au samli vijiko vikubwa 2
Ufuta wa kunyunyiza

Jinsi ya kutengeneza:

1. Toa chachu kwenye friji saa moja kabla, ili baridi imtoke.

2. Katika bakuli kubwa koroga tui, chachu, yai na sukari. Tui liwe vuguvugu la kuvumilika kwa kidole. Likiwa moto utaiua hamira. Changanya unga, hamira na chumvi, kisha umimine ndani kidogo kidogo.

3. Kanda kwa dakika 10. Tia mafuta, ukande dakika 5 tena. Unga utanata mwanzoni. Paka mikono mafuta, usikimbilie kuongeza unga, kwani mikate itakuwa migumu kesho yake. Ukivuta kipande kikanyooka chembamba bila kukatika upesi, unga umeiva kukandwa.

4. Funika kwa kitambaa kibichi mpaka uumuke mara mbili ya ukubwa wake. Kwa joto letu ni saa moja hadi saa moja na nusu. Usitazame saa, tazama unga.

5. Gawa madonge 10 yaliyo sawa. Yafinyange yawe laini juu, uyapange kwenye trei iliyopakwa mafuta, ukiacha nafasi ya vidole viwili. Yabonyeze kidogo kwa kiganja, maana mkate wa baga hutakiwa uwe mpana. Funika tena kwa dakika 45.

6. Paka yai lililopigwa, nyunyiza ufuta. Oka kwa moto wa nyuzi 190 muda wa dakika 18 hadi 20, mpaka iwe rangi ya hudhurungi. Ukigonga chini ya mkate ukasikia mlio wa kitu kilicho wazi ndani, umeiva.

7. Ipe nafasi ipoe kabla ya kuikata. Ukikata wa moto utauvuruga.

Kama huna ovini, usikate tamaa. Washa jiko la makaa, weka sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, ndani yake utie trei au sufuria ndogo yenye mikate, ufunike, na upalie makaa juu ya kifuniko. Moto uwe mchache chini na mwingi juu. Chungulia baada ya dakika 20.

Na anayetaka kuacha hamira ya dukani kabisa? Yawezekana, ila chachu isiwe iliyobaki. Iwe imelishwa saa tatu au nne kabla, imejaa mapovu na imepanda. Kisha uvumilie: kuumuka kwa kwanza kutachukua saa nne hadi tano, na kwa pili saa mbili au zaidi. Ukianza baada ya sala ya alfajiri utakula mchana.

NDANI TUTIE NINI?

Si lazima nyama ya kusaga. Mwenye samaki amchemshe, amchambue, amchanganye na kiazi kilichopondwa, kitunguu na pilipili, kisha amkaange katika vibonge bapa. Asiye na samaki atumie bhajia za kunde. Tia kachumbari na ukwaju. Watoto watakula mpaka walambe vidole, na hela ya baga za mjini itabaki mfukoni.

Sasa dada yangu wa Mnarani, narudi kwako. Jumapili hii oka mikate kumi. Kabla ya watoto hawajaivamia, chukua mmoja, uufunike kwa sahani safi, uupeleke kwa mavyaa wako pamoja na chai ya rangi. Usianze kwa kujitetea. Mwambie, "Mama, huu ni ule unga nilioumwaga." Kisha muulize yeye kwao waliumua kwa kitu gani kabla ya paketi za hamira kufika madukani. Nina hakika atakuwa na jambo la kukufunza ambalo mimi silijui, na ukilipata uniandikie.

Moyo wako ulikataa kuitupa chupa ile, na ulikataa kwa sababu. Mume akirudi likizo ataikuta hai, tena haili tena bure. Wazee walisema akiba haiozi. Hii yako huchacha, nayo huokwa mikate.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda. Jikoni kwenu kuwe na heri.