Ondoa Kamera Usoni pa Mtoto

Wewe mwenye makao ya watoto, juzi uliposti mtoto akilia, kamasi hadi mdomoni, na chini yake namba ya Paybill. Eti bila picha hiyo wafadhili hawaji. Angekuwa wa kumzaa wewe, ungemposti hivyo? Kesho atakuwa kijana anayetafuta kazi, na picha bado iko mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi, na usiniambie mlezi ni wewe! Kutangaza huduma sikatai. Posti risiti za unga, karo iliyolipwa, hesabu zilizokaguliwa. Mathayo 6 Yesu anakemea wanaopiga panda wakitoa sadaka. Wewe panda lako ni uso wa yatima. Futa hiyo picha leo, kabla ya ibada ya jioni.