Mazungumzo ya Jamaa: Flashi na nyuso za watu wetu

Mama mmoja wa parokia yetu alitujia asubuhi na mapema, bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na picha tuliyoipiga sisi wenyewe siku ya Komunyo ya kwanza ya mtoto wake, nyanya akiwa amesimama nyuma ya mjukuu. Nyanya huyo alikuwa amefariki usiku ule, na jamaa walitaka sura yake iwekwe juu ya jeneza. Tukaitazama picha. Kanzu ya mtoto yang'aa kama chokaa, maua ya altare yaonekana; bali uso wa marehemu ni giza tu, lenye nukta mbili za mwanga mahali pa macho.

Tumewasikia wengi wakisema kwamba sisi watu weusi hatutoki vizuri katika picha. Huo si ukweli, wala tusiwafundishe watoto wetu hivyo. Kwa miaka mingi wasafishaji wa filamu walisahihisha rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, waliyemwita Shirley; ndipo katika miaka ya 1990 kampuni ya Kodak ikatoa kadi yenye wanawake watatu wa rangi mbalimbali. Kosa lilikuwa katika kipimo, si katika ngozi.

Na kosa letu sisi lilikuwa lipi? Kamera inayojipimia yenyewe haitambui nguo ni ipi na mtu ni yupi. Hupima mwanga unaoirudia, ikidhani kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, hufanya rangi ya kijivu. Basi kanzu nyeupe hurudisha mwanga mwingi, kamera hudhani kazi imekwisha, hukata flashi mapema, na uso mweusi hubaki na njaa. Ilitupasa kuongeza nguvu ya flashi kwa hatua moja, yaani mwanga mara mbili, kisha kutazama kama kanzu haikuungua.

Tena nyanya alisimama nyuma. Mwanga wa flashi hupungua upesi kuliko tunavyofikiri: aliye umbali wa mita 4 hupata robo tu ya mwanga anaoupata aliye mita 2, na aliye mita 6 hupata sehemu moja ya tisa. Kwa hiyo wazee wasiwekwe nyuma kwa kuwa ni warefu! Wote wakae mstari mmoja, au wazee wakalishwe mbele, kama heshima inavyotaka.

Flashi inayoelekezwa usoni moja kwa moja huleta pia mng'ao mkali juu ya jasho la paji la uso. Leso yaweza kusaidia. Lakini ni afadhali, kama kichwa cha flashi chageuka, kukielekeza kwenye dari au ukuta mweupe, mwanga urudi kwa upole. Ukuta wa matofali mekundu utawatia watu wekundu, na paa la kanisa li juu mno. Hapo shuka nyeupe iliyoshikwa na vijana wawili yafaa. Ile taa ndogo ya simu haigeuki, wala nguvu zake hazifiki mbali. Mwenye simu aizime, awapeleke watu mlangoni, penye kivuli chenye nuru.

(Na wakati wa mageuzo, tafadhali, flashi zilale. Tumemwona kijana mmoja akimtangulia Padri altareni.)

Zamani kazi hii ilikuwa ya hatari. Unga wa magnesi uliotokea Ujerumani mwaka 1887 uliwaka kwa kishindo na moshi. Jacob Riis, mwandishi wa magazeti mjini New York, aliutumia kuonyesha vyumba vya giza walimolala maskini, na mara moja nusura auchome moto mmoja wa vyumba hivyo. Lakini kitabu chake cha mwaka 1890 kiliwafanya matajiri wazione nyuso wasizotaka kuziona.

Siku ya maziko ya nyanya iliwekwa picha ya kadi yake ya uchaguzi, iliyokuzwa hata sura ikatawanyika. Jumapili ijayo kuna Komunyo tena. Tumekwisha kumwomba Padri Paroko nusu saa baada ya Misa, barazani, na viti kwa wazee wote.