Akina dada, msivumilie maumivu ya kiti cha baiskeli

Iwapo wewe ni mwanamke na huendesha baiskeli, bila shaka unayajua maumivu yasiyotajwa mbele za watu. Unashuka ukitembea kwa tahadhari, mapaja yanawasha, na unapooga maji yanakuchoma mahali ambapo hungependa kumwonyesha hata dada yako. Wengi huyanyamazia. Wengine huiegesha baiskeli nyuma ya nyumba na kurudi kwenye matatu.

Maoni yangu ni kwamba maumivu haya si ada ambayo mwanamke analazimika kuilipa ili aendeshe baiskeli. Mara nyingi kosa huwa la kiti, wala si la mwili wako.

Nalisema hili kwa sababu wapo wanaoyatumia maumivu hayo kama ushahidi kwamba baiskeli ni chombo cha wanaume na kwamba huharibu uzazi. Dai hilo ni kuukuu. Katika miaka ya 1890 baadhi ya madaktari wa Uingereza na Marekani waliwatisha wanawake kwa maneno kama hayo, na wakati umewaumbua. Mwezi Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika, wanawake nao walishindana katika vilima vya mji huo.

Basi maumivu hutoka wapi? Unapokaa kwenye baiskeli, uzito wako unafaa kubebwa na mifupa miwili ya makalio. Kwa wanawake wengi, mifupa hii imeachana zaidi kuliko ya wanaume. Ukikalia kiti chembamba mno, uzito huhamia kwenye sehemu laini za siri. Mishipa ya damu na ya fahamu hubanwa, nawe unapata ganzi na uvimbe. Ongeza joto, jasho na msuguano wa nguo, na ngozi huchubuka. Viini hupenya kwenye vinyweleo, na hapo huzuka vipele na majipu.

Kwa hivyo, anza na kiti. Weka kipande cha katoni juu ya kigoda kigumu, kikalie ukiwa umeinama kidogo mbele, kisha pima umbali kati ya mabonde mawili yatakayobaki. Kiti chako kinafaa kuwa kipana kuliko umbali huo kwa kiasi kidogo. Usidanganyike na kiti kinene kama mto. Mifupa huzama ndani yake, sifongo ikapanda na kuzibana zile sehemu laini ulizotaka kuzikinga. Wanawake wengi hupata nafuu kwa kiti chenye mfereji au tundu katikati.

Pili, mwombe fundi arekebishe kimo. Ukikanyaga pedali ya chini kwa kisigino, mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti likunjike kidogo. Kiti kikiwa juu mno, nyonga huyumba huku na huku na ngozi husuguliwa kila unapokanyaga. Ncha yake isielekee juu. Iwe sawa na ardhi, au iiname kidogo tu. Kazi hii ni ya spana na dakika chache.

Tatu, angalia mavazi. Suruali ya jinzi ina mshono mnene pale pale unapokalia. Kwa safari ndefu, kaptura ya kubana iliyoshonewa sifongo ndiyo bora, nayo huvaliwa bila chupi, kwa kuwa mishono ya chupi huchubua. Ifuliwe kila baada ya safari na ikauke kabisa kabla ya kuvaliwa tena. Ukiwa katika siku zako, badilisha sodo kabla ya kuondoka, kwani iliyolowa huchubua vibaya.

Nne, itunze ngozi. Mafuta ya mgando yakipakwa kwenye mapaja na ngozi ya nje kabla ya safari hupunguza msuguano. Yasipakwe ndani ya uke, na uyaoshe kabla ya kutumia kondomu ya mpira kwa sababu huidhoofisha. Ukifika, usikae na nguo yenye jasho. Oga kwa maji na sabuni isiyo kali, ujipanguse taratibu. Sabuni za manukato na dawa kali za kuua viini huzidisha kuwasha. Usinyoe sehemu za siri karibu na safari, maana vinyweleo hukinga ngozi. Kabla ya Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016, wataalamu wa timu ya baiskeli ya Uingereza waliwashauri waendeshaji wao wa kike waache kunyoa sehemu hizo.

Ngozi ikichubuka, pumzika siku chache hadi ipone. Usilitumbue jipu. Mwone daktari iwapo jipu linazidi kukua, una homa, uvimbe haupungui, ganzi haiishi, au unatokwa na uchafu wenye harufu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na daktari ameona mengi kuliko hayo yanayokutia haya.

Lakini si haki mzigo huu wote ubebwe na mwanamke peke yake. Wenye maduka wanaomuuzia mwanamke baiskeli wamruhusu ajaribu viti kadhaa kabla ya kulipa. Mashirika yanayowagawia wasichana baiskeli za kwendea shule yawafundishe pia kurekebisha kiti na kuitunza ngozi. Msichana anayeumia na kuona haya kusema ataiacha baiskeli hiyo, na watu watasema ni mvivu.

Nawe msomaji, kabla ya safari yako ijayo, kitazame kiti chako. Kikiwa hakikufai, kibadilishe.