Kinanda cha Tatu cha Nini, na Cha Kwanza Kinavuma?

Machalii wa Tengeru, leo tuongee bila kufichana. Homa ya studio za chumbani imewapanda ile mbaya, na mimi siwalaumu. Miaka ya 1990 studio zilikuwa za kuhesabu, tena nyingi zilikuwa Dar. Leo kompyuta, kinanda na maiki vinatosha kuanzia. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko unaoitwa Sounds of Sisso, singeli iliyopikwa kwenye studio ndogo ya uswahilini Mburahati, Dar, na ikasikika mpaka Ulaya. Kwa hiyo udogo wa chumba si kisingizio.

Kasheshe yetu ni kwamba tunapenda kununua kuliko kupanga. Kuna chalii mmoja huku Patandi ana sinthesaiza mbili, kinanda cha kawaida, dramu mashine na maiki. Nyaya zimesokotana kama tambi za Ramadhani. Kila akirekodi, chini kuna mvumo na juu kuna mkwaruzo. Dawa aliyoipata? Eti auze pikipiki aongeze kinanda cha nne! Nikamwambia, mshikaji, pikipiki ndiyo inakulisha, iache hapo ilipo. Wewe tafuta karatasi na kalamu.

Karatasi ni ya kuchora mfereji. Sisi wa mlimani hatuhitaji mwalimu kwa hili. Maji yakitoka Meru yanapita kwenye banio, halafu kila shamba linapata zamu yake. Banio likifunguliwa kupita kiasi, yanakuja na tope na kubomoa kingo, na huko chini hata ukiziba vipi, tope umeshalipata. Sauti nayo ina safari yake: kinanda, waya, miksa, kadi ya sauti, kompyuta, ndipo spika.

Anza kwa kuhesabu. Kinanda cha stereo kina matundu mawili ya kutolea sauti, kushoto na kulia. Vinanda vitatu ni njia 6, dramu mashine 2, maiki 1. Jumla 9. Sasa kadi ya sauti yenye njia 2 itabeba vipi msafara huo? Una mawili: utafute miksa yenye njia za kutosha, au urekodi kimoja kimoja kwa zamu, jambo ambalo halina gharama hata senti. Na besi haina haja ya stereo. Chomeka waya mmoja kwenye tundu la kushoto, ambalo kwenye vinanda vingi ndilo la mono pia, umeshaokoa njia moja.

Nyaya za MIDI zichore kwa kalamu ya rangi nyingine. Wengi wanachanganya hapa. MIDI, iliyoingia mwaka 1983, haibebi sauti kabisa. Inabeba amri tu: piga noti hii, kwa nguvu hii, achia. Waya mmoja una chaneli 16, hivyo kinanda kimoja kinaweza kuwaamrisha wenzake. Lakini ukitaka kuwasikia, kila kimoja lazima kiwe na waya wake wa sauti.

Tukirudi kwenye banio, kwenye miksa ni kile kitufe cha juu kabisa, cha geini. Maiki inatoa umeme kiduchu, sehemu chache tu za elfu moja za volti. Vyombo vya nyumbani hutoa kama theluthi ya volti, na vya kitaalamu kama volti 1.2. Ndiyo maana kinanda hakiingii tundu la maiki, kinaingia la laini. Ukikosea hapo, mkwaruzo ni haki yako.

Utaratibu wenyewe ni huu. Sauti ya kinanda ipandishe mpaka kama robo tatu. Kitelezi cha njia hiyo kiweke kwenye 0. Sasa piga ile sehemu yenye kelele kuliko zote katika wimbo wako, si ya kubembeleza, huku ukifungua geini taratibu. Kilele kikigusa -12 kwenye kompyuta, simama hapo. Najua mkono utawasha kuongeza. Usiongeze! Kwenye dijitali 0 ndiyo dari, sauti ikiigonga inakatwa kichwa, na hakuna fundi wa kukirudisha. Ukirekodi kwa biti 24 una nafasi ya kinadharia ya desibeli 144, sasa unakimbilia wapi kwenye taa nyekundu? Kama masikio hayajatosheka, ongeza spika. Spika haimo kwenye rekodi.

Kosa la upande wa pili ni kinanda kuwa chini kabisa halafu geini juu. Hapo umekuza mchirizo pamoja na muziki, na vyote vinakuja mjini kwa basi moja.

Vipi kuhusu ule mvumo? Umeme wetu ni wa hezi 50. Vyombo vikichomekwa kwenye soketi tofauti halafu vikaunganishwa kwa nyaya za sauti, ethi zinaweza kutengeneza duara, na mvumo ukazunguka humo. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja nzima, yenye ethi, na nyaya za sauti zisilale pamoja na za umeme. Zikikutana, zikatane kama msalaba. Lakini wewe unayetaka kung'oa pini ya ethi ili mvumo uishe, acha mara moja. Mvumo unaudhi, umeme unaua. Na spika ziwashwe mwisho, zizimwe kwanza.

Mtasema nawasumbua kwa mambo ya nyaya. Sikilizeni. Kundi la X Plastaz lilianzia hapa hapa Arusha mwaka 1996, na mwaka 2004 likatoa albamu ya Maasai Hip Hop. Faza Nelly wa kundi hilo aliuawa mwaka 2006. Aliyekuwa hajamsikia jukwaani, leo amebakiwa na rekodi tu. Rekodi haina "rudia tena kesho". Anayeingia chumbani kwako, awe mwana hip hop, mwanakwaya au babu mwenye nyimbo za Kimeru, amekukabidhi kitu ambacho huenda hatakitoa mara ya pili.

Basi, kabla ya kutafuta mteja wa pikipiki, mtafute mwenye karatasi. Wiki ijayo, Mungu akipenda.